Nilifunga nikiwa nanyonyesha: yale niliyojifunza kuhusu sala, Neno na mwili wa mama

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki

Huku kwetu Mbulu sisi na ndugu zetu Wakatoliki tumechanganyika mpaka ndani ya nyumba moja.

Wiki hizi mbili nimeulizwa swali lile lile na mama watatu. Wawili kliniki, mmoja njiani natoka sokoni na vitunguu saumu vyangu. "Nesi, nina mtoto mchanga. Naweza kufunga?" Mmoja wao mtoto alikuwa na wiki tano tu. Nikamjibu kifupi, kama nesi. Lakini nilipofika nyumbani nikaona jibu lile halikumtosha. Yule mama hakuwa anauliza habari za chakula peke yake. Alikuwa anauliza: mimi ninayelala saa tatu kwa usiku, ninayenuka maziwa, ambaye sijasoma Biblia tangu nijifungue, nitakuaje kiroho?

Swali hilo nalijua. Lilinipeleka pabaya. Kwa hiyo nitaandika kwa sehemu, taratibu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nimemaliza zile siku 84 za likizo ya uzazi, nimerudi kazini, wodi ya wazazi. Ilikuwa Januari, na kikundi cha maombi nilichokuwa nasali nacho wakati huo kilitangaza mfungo wa siku saba wa kufungua mwaka. Mfungo mkavu, asubuhi mpaka jioni, hata maji hapana. Na kuamka saa tisa usiku kuomba.

Hakuna aliyenilazimisha, niseme ukweli. Nilitaka mwenyewe. Nilikuwa naona wenzangu wanakua. Huyu kasoma Biblia nzima kwa mwaka, yule anaamka usiku kila siku, na mimi nikifungua Zaburi nasinzia mstari wa pili. Nikajiambia, mwaka huu nitakua kwa nguvu.

Siku ya kwanza nilipita. Ya pili kichwa kiliuma. Ya tatu, nikikamua maziwa ya kumwachia mtoto kwa wifi yangu, naona kikombe hakifiki nilipozoea. Nikasema ni shetani anapinga. Ya nne niliamka saa tisa, nikaomba, nikamnyonyesha, sikulala tena. Saa moja na nusu nikaingia zamu.

Kulikuwa na kichanga cha siku mbili, kilo mbili na nusu hivi, anachomwa sindano kwa ajili ya maambukizi. Dawa ya kichanga hupimwa kwa uzito, hilo kila nesi analijua. Nikasoma faili, nikapiga hesabu, nikavuta dawa. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Mwenzangu wa zamu, mama mtu mzima, akaja kuhakiki kama utaratibu unavyotaka. Akatazama bomba la sindano, akatazama faili, akanitazama mimi.

"Hii ya nani?"

Nikamwambia.

"Piga hesabu tena."

Nikapiga. Nilikuwa nimevuta mara mbili ya kipimo.

Mama wa mtoto alikuwa amekaa pale pale kitandani, kanga begani, anatutazama bila kujua lolote. Tulipomaliza kumchoma mtoto kwa kipimo sahihi akaniambia, "Asante nesi, Mungu akubariki." Ile baraka ilinichoma kuliko kofi.

Tukaandika tukio kwenye kitabu, kama inavyopasa. Kisha yule mama wa zamu akanishika mkono akanipeleka chumba cha chai. "Umekula lini?" Nikamwambia nimefunga. Akaniuliza, "Na mtoto wako ana miezi mingapi?" Nikasema minne. Hakunihubiri. Akamimina uji kutoka kwenye chupa yake ya chai, akaweka sukari, akasema, "Kunywa. Ukimaliza ndiyo usali."

Nilikunywa nikilia. Nitaendelea kesho, watoto wameamka.


SEHEMU YA 2: Mkate wa Eliya

Nashukuru kwa meseji zenu. Wapo walioniambia, "Nesi, hukupaswa kuyasema haya hadharani." Jamani, kama mama mmoja atakunywa uji kwa sababu ya aibu yangu, acha niaibike.

Baada ya siku ile, mfungo niliuacha. Lakini niliacha na mengine yote. Biblia ikakaa juu ya kabati mpaka ikashika vumbi. Kuomba niliomba juu juu, mezani, ili watoto waone. Moyoni nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia, nimejitahidi nikakaribia kumdhuru mtoto wa mwenzangu, sasa Mungu anataka nini? Hali hiyo iliendelea miezi. Mume wangu aliona, akanyamaza. Wakati mwingine akawa anasali na watoto yeye.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo. Jumapili moja mchungaji alisoma 1 Wafalme 19, habari za Eliya kukimbia nyikani. Ninaijua hadithi hiyo tangu Shule ya Jumapili, na siku zote nilikuwa naisubiri ile sauti ndogo ya utulivu baada ya upepo na tetemeko na moto. Siku ile nikasikia kilichotangulia. Eliya amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika anakuja. Na malaika hamkemei wala hamwambii aongeze maombi. Anamwambia ale. Kuna mkate, kuna maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anamgusa mara ya pili, anakula tena. Safari ya kwenda mlima wa Mungu inaanza baada ya hapo, na ile sauti inakuja baadaye kabisa.

Yaani mimi nikakumbuka uji. Chupa ya chai, chumba kile kidogo, "Kunywa. Ukimaliza ndiyo usali." Nikainama kwenye benchi nikajifanya nafunga kiatu cha mtoto.

Niliyoyaelewa siku hiyo nayasema kama nesi na kama Mkristo anayekua. Mwili niliutazama kama adui wa roho, kumbe mwili wangu wakati ule ulikuwa ni chakula cha mtu mwingine. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba, na kunywa maji kila anaposikia kiu. Asipokula, mwili bado unajitahidi kumtafutia mtoto maziwa, na gharama anailipa mama: kizunguzungu, uchovu, hasira, akili inayoruka mstari. Wengine wanapoteza hamu ya kunyonyesha kabisa. Mimi nililipa kwa akili. Nikakaribia kumlipisha mtoto asiye wangu.

Na kuna jambo la pili, la moyoni. Nilikuwa nafunga kwa kuwatazama wenzangu. Yesu katika Mathayo 6 anazungumza habari za kufunga na kusali sirini, bila kutafuta macho ya watu. Mimi sikujitangaza kwa watu, kweli, lakini nilijipima kwa watu. Nadhani ni ugonjwa ule ule, umevaa nguo nyingine.

Kesho nitawaambia habari za mama yangu, na za mama wa Samweli. Hao wawili ndio walionifundisha upya.


SEHEMU YA 3: Hana hakupanda

Mama yangu amesoma kidogo. Anaishi kijijini, juu huku milimani ambako asubuhi ya Juni na Julai ukungu unaingia mpaka jikoni na huwezi kutoka bila shuka. Hajawahi kuniambia neno "nidhamu ya kiroho". Lakini kila asubuhi, tangu nikiwa mdogo, anapowasha moto anatutaja. Anaweka kuni ya kwanza, anataja kaka yangu mkubwa. Kuni ya pili, dada. Mpaka moto ukishika, watoto wote tumetajwa mbele za Mungu, na wakwe, na wajukuu. Sasa tumekuwa wengi, anasema kuni zinaisha kabla ya majina.

Nilikuwa nadhani hiyo siyo maombi ya kweli kwa sababu hapigi magoti wala hana daftari. Nilipokuwa nimevunjika ndipo nikaanza kuhesabu. Mwanamke huyu ameomba kila siku kwa zaidi ya miaka 40, na hajawahi kukosa, kwa sababu hajawahi kukosa kuwasha moto.

Babu naye alitoka upande mwingine wa mambo. Wairaqw wanaosoma hapa mnaijua slufay, ile sala ndefu ya kubariki inayosemwa na mzee mbele ya watu, na watu wanaitikia. Babu aliisema kwa kichwa, bila karatasi. Sisi watoto tulijua mahali pa kuitikia kabla hatujaelewa maneno. Sina nia ya kuanzisha ubishi wa mila na kanisa. Nasema tu kwamba wazee wetu walijua jambo ambalo mimi nililisahau: maneno ya sala yanaweza kukaa ndani ya mtu, yakamtoka hata akiwa amechoka, kwa sababu yamesemwa mara nyingi akiwa hajachoka.

Sasa Hana. Fungueni 1 Samweli sura ya kwanza, mstari wa 21 mpaka wa 23. Sote tunamjua Hana wa maombi, yule aliyelia hekaluni mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Tunamhubiri kila siku ya wanawake. Lakini hatusomi kilichofuata. Samweli amezaliwa. Mwaka umezunguka, Elkana na nyumba yake wanapanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka. Na Hana hapandi. Anamwambia mumewe atabaki mpaka mtoto aache kunyonya.

Fikirini, mama zangu. Yule mwombaji mkubwa anakosa ibada kubwa ya mwaka, kwa sababu ya kunyonyesha. Na siku zile watoto walinyonya muda mrefu, kwa hiyo huenda hakukosa mwaka mmoja tu. Elkana anamjibu kwamba afanye anavyoona vema, na kwamba Bwana alithibitishe neno lake. Hakumwambia amepoa kiroho. Na Maandiko hayamlaumu hata kidogo.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Miaka yote nilimjua Hana wa machozi, sikumjua Hana wa kubaki nyumbani. Nadhiri yake haikufa alipobaki. Alikuwa anaitimiza pale pale, kwa maziwa. Muda ulipofika alipanda, na mtoto mkononi.

Kuna simulizi nyingine inayosemwa sana, ya Susanna, mama wa akina John na Charles Wesley kule Uingereza. Alizaa watoto 19, wengi wakafa wachanga, na nyumba haikuwa na kona ya kujificha. Inasimuliwa kwamba alipotaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama asisumbuliwe. Sisi aproni hatuna, kanga tunazo. Nimejaribu. Mwanangu wa kwanza alifunua akachungulia akauliza, "Mama, umejificha?" Nikamwambia ndiyo, niko na Mungu, ingia. Akaingia. Tukakaa wawili mle ndani kimya kama dakika moja, akatoka akaendelea kucheza.


SEHEMU YA 4: Mambo ninayofanya, na jibu la kufunga

Leo ni ya vitendo. Chukua kinachokufaa, acha kingine. Msije mkakifanya nacho kiwe mzigo.

Sala. Nimeifunga kwenye kunawa mikono. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni, kuanzia kulowesha mpaka kukausha, kunachukua sekunde 40 mpaka 60. Baba Yetu, ukiisema taratibu, inakuingiza humo humo. Kazini nanawa mara nyingi sana kwa zamu moja. Nyumbani nanawa baada ya nepi, kabla ya kupika, kabla ya kulisha. Siyo kila mara moyo unakuwepo, niseme ukweli. Mara nyingine nafika "amina" sijui nilipitaje. Lakini mara moja au mbili kwa siku neno moja linanikamata, na hapo nakaa nalo. Na mikono inakuwa safi, kuhara kunapungua nyumbani. Sala haijapoteza kitu.

Neno. Niliacha mpango wa sura nne kwa siku. Nachukua kifungu kifupi, nakaa nacho wiki nzima. Nilianza na Zaburi 131. Ina mistari mitatu tu, na inazungumza habari za mtoto aliyeachishwa kunyonya akiwa ametulia kwa mama yake. Nilikuwa naisoma nikinyonyesha, naona yule niliyembeba siyo mtulivu hata kidogo, anavuta nywele. Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika kabatini karibu na masufuria. Asiyependa kusoma, au macho yamechoka, Biblia ya kusikiliza ipo kwenye simu. Weka ukimenya viazi. Na kama Kiiraqw ndicho kinachoingia moyoni, sikiliza na soma kwa Kiiraqw. Mungu anajua lugha ya mama.

Kujichunguza. Usiku kabla ya kulala, mimi na baba watoto tunaulizana maswali mawili: leo umeshukuru nini, na leo umekosa wapi. Tulianza tukiona haya. Matokeo yake makubwa yalikuwa kwa watoto, kwa sababu asubuhi nilijikuta inabidi niende kumwomba msamaha mtoto wa miaka sita kwa kumfokea. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Watoto wanatuona kwa nyuma, tunapodhani hawaangalii.

Akina baba mnaosoma, na najua mpo: hii nidhamu haiwezekani bila ninyi. Mpe mke wako nusu saa mara mbili kwa wiki. Mchukue mtoto, mfunge mgongoni, tembea naye mpaka dukani. Watu watakutazama, wazoee. Elkana alikuwa mtu wa ibada, na hakumwachia Hana lawama.

Sasa kufunga. Hapa naongea kama nesi, nisikilizeni vizuri.

Mjamzito na anayenyonyesha asijinyime chakula na maji. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kifua kikuu, za VVU, za presha au za kifafa, asifunge wala asibadilishe saa za dawa bila kuongea kwanza na anayemtibu. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ni vya kumezwa kila siku, hata wakati wa maombi. Dawa haipunguzi imani. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi, na hakuna mfungo unaomhusu. Watoto wadogo wasifungishwe.

Na usidhani ni mimi na unesi wangu tu. Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga inaanzia mtu akitimiza miaka 18 na inaishia anapoanza mwaka wa 60, kwa hiyo watoto hawamo. Majirani zetu Waislamu nao, mjamzito na anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kula Ramadhani. Wenye mifungo mirefu kuliko sisi wameweka huruma ndani yake.

Kama ulijaribu na sasa unaona kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au wewe mjamzito unaona mtoto amepunguza kucheza tumboni, acha hapo hapo, kunywa, kula, uje kituoni. Usisubiri siku ya mwisho ya mfungo. Kichwa kikali, macho kuona giza au kuvimba uso wakati wa ujauzito, usiseme ni vita vya kiroho. Njoo upimwe presha.

Basi mama mwenye kichanga afunge nini? Mimi nilifunga simu. Saa moja jioni mpaka watoto walale, simu kabatini. Niliteseka kuliko mfungo wa chakula, siwafichi. Isaya 58 inasema mfungo anaoutaka Bwana ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwaresima moja nilinywa chai bila sukari, hela ya sukari tukampelekea mama mmoja aliyejifungua watoto pacha na mume yuko mbali. Nilikuwa nakula milo yangu yote. Na mtoto wake alikula.


SEHEMU YA 5: Yaliyobaki

Hii ni ya mwisho, na ni ngumu kwangu.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile, wakati sehemu nyingi watu wanajiandaa kwenda ibadani, sehemu ya mlima Hanang ilimomonyoka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Walioachwa bila nyumba walipokelewa kwenye shule. Wengi wenu mnaosoma hapa mna ndugu kule, sihitaji kuwaeleza.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda na akina mama wa usharika wetu. Tulibeba nguo za watoto, nepi, sabuni. Mimi nilitakiwa niongee na mama wenye watoto wachanga. Njiani kwenye gari nilikuwa natafuta maneno ya kuomba nikifika. Niliandika hata mistari ya Biblia kwenye simu.

Katika darasa moja nilimkuta mama amekaa juu ya godoro, mtoto mdogo mapajani. Nimeficha mambo yake mengine, siyo yangu kuyasema. Nikakaa. Ile mistari yote niliyoandika nikaiona haifai, kila mmoja ulikuwa mkubwa mno mdomoni. Nikamuuliza tu, "Umekula?" Akasema hana hamu. Nikamwambia mtoto ananyonya? Akasema ananyonya. Tukatafuta uji. Nikamshikia mtoto, akanywa nusu kikombe, akapumzika, akanywa tena.

Kisha yeye ndiye aliyeanza. Alifumba macho akaanza Baba Yetu, polepole, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha njia ya kwenda nyumbani. Nikajiunga. Mama wa godoro la pili akajiunga. Alipofika mahali pa mkate wa kila siku akasimama, akalia, akaendelea. Tukamaliza. Hakuna aliyeongeza neno.

Sikuelewa na bado sielewi kwa nini mlima ulishuka. Atakayewaambia anajua kwa nini Mungu alifanya au aliacha, muulizeni taratibu amejuaje. Ninachokijua ni nilichokiona. Nyumba ilikwenda, na ile sala aliyofundishwa akiwa mtoto ilibaki. Hakuikusanya siku ile, asingeweza. Iliwekwa humo zamani, kidogo kidogo, na mtu fulani ambaye huenda alikuwa amechoka, akiwa na mtoto mgongoni, akidhani hafanyi jambo kubwa.

Nilirudi nyumbani usiku. Mume alikuwa amewalaza watoto. Nikanawa mikono jikoni, nikaisema tena, na safari hii nilifika "amina" nikijua nimepita wapi.

Sasa nikujibu wewe mama wa wiki tano, kama unasoma. Usijinyime chakula. Kula, kunywa maji, lala mtoto anapolala. Ukiwasha moto au gesi, mtaje mwanao mbele za Mungu. Ukinawa, sali. Siku ukisahau, usianze kujihesabia madeni, kesho utanawa tena. Na kama umekaa miezi bila kusali kwa sababu ya hasira au aibu, kama mimi, rudi tu. Hutaulizwa ulikuwa wapi kabla ya kupewa mkate.

Ipo siku mtoto ataacha kunyonya, na wewe utapanda. Ukitaka kufunga wakati huo, njoo kwanza tuongee, nikupime damu na presha. Kliniki yetu inaanza asubuhi, njoo na kadi ya mtoto. Chai ipo.

Muwe na usiku mwema, mama zangu.